Stata inazungusha, injini haiwaki: subiri kwanza kufungua bloku

"Fundi, shikamoo. Mimi naendesha bodaboda Likoni. Nina Boxer ya sisi 150 ya kabureta, ina miaka mitatu. Wiki mbili zilizopita mvua ilipiga usiku kucha, nikapita kwenye maji yaliyojaa barabarani upande wa Mtongwe, yakafika usawa wa injini. Haikuzima, nikafika nyumbani, nikailaza nje. Asubuhi yake stata inazungusha injini vizuri lakini haiwaki. Kiki nimepiga mpaka mguu umevimba. Fundi wa kwanza alisema ni betri, nikanunua mpya. Wa pili alijaribu plagi, akaona inatoa moto, akaibadilisha hata hivyo. Siku mbili hivi iliwaka saa sita mchana jua likiwa kali, ikaenda na nguvu zake zote, lakini ikilala usiku haiwaki tena, na juzi ilinizimia njiani manyunyu yalipoanza. Plagi ikifunguliwa hutoka imelowa na inanuka petroli. Taa zinawaka, honi inalia. Sasa fundi wa tatu ananiambia injini imekufa kwa maji, lazima afungue bloku abadilishe ringi na valvu. Pikipiki bado ina mkopo, nalipa kila wiki. Mke wangu anasema tuiuze ilivyo. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pikipiki ikilala wiki mbili na mkopo uko macho, mtu hukubali lolote aambiwalo ilimradi arudi barabarani. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu. Sijaiona pikipiki yako wala sijaishika, lakini kwa ulivyoeleza sioni dalili ya injini kufa. Usikubali bloku ifunguliwe wiki hii. Na usiiuze ilivyo, maana pikipiki isiyowaka hununuliwa kwa bei ya vyuma, na huenda ugonjwa wote uko kwenye waya wenye urefu wa shibiri moja.

Umenitajia mambo mawili ambayo naona mafundi wako hawakuyapa uzito. La kwanza, inawaka saa sita mchana jua likiwa kali. La pili, ilizima manyunyu yalipoanza. Ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, zikilika hazina saa ya kupona. Ikiwa zimelika alfajiri, zimelika vile vile adhuhuri. Tena injini inayoisha ringi haikufichi. Hutangulia kula oili, kutoa moshi wa samawati, kuchoka ukipandisha mlima na abiria wawili, na kuwa ngumu kuwaka kidogo kidogo kwa miezi. Yako ilikuwa nzima mpaka usiku wa mvua, na ikiwaka huenda na nguvu zake zote. Valvu zilizobana mno huweza kuifanya injini iwe nzito kuwaka ikiwa baridi, kwa hivyo hizo sizifuti kabisa, lakini valvu hazizimi injini njiani eti kwa sababu manyunyu yameanza. Hapa kwetu kinachobadilika kati ya alfajiri na adhuhuri ni unyevu. Mshuku huyo kwanza.

Nieleze kidogo injini yenyewe inavyowaka, kwa sababu ukilielewa hili hutauziwa kifaa usichokihitaji. Kazi ya stata ni kuzungusha tu. Kiki nayo ni hiyo hiyo. Ile sauti ya injini kuzunguka haikuambii kwamba petroli imefika wala kwamba plagi imetoa moto. Pistoni ikishuka, inavuta hewa iliyochanganyika na petroli kutoka kabureta, kiasi cha sehemu 14 au 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Ikipanda na valvu zote mbili zimefungwa, inaubana mchanganyiko ule mpaka ubaki kwenye nafasi ndogo sana juu ya pistoni. Kabla tu haijafika kileleni, plagi inaruka cheche. Mchanganyiko unashika, unapanuka, unaisukuma pistoni chini, na kuanzia hapo injini inajizungusha yenyewe. Basi mambo ni matatu: mchanganyiko sahihi, mgandamizo, na moto wa plagi kwa wakati wake. Stata ikizungusha na injini isiwake, mojawapo halipo au ni dhaifu. Kazi ya fundi ni kulijua ni lipi kabla ya kumtuma mwenye pikipiki dukani.

Fundi wa kwanza simlaumu moja kwa moja. Betri iliyochoka huweza kuzungusha stata na bado ikaifanya cheche iwe dhaifu, maana stata hula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki. Betri nzima iliyojaa hukaa kwenye volti 12.6 hivi ikiwa imepumzika. Ikiwa wakati wa kupiga stata inaanguka chini ya volti 10, kuna pikipiki ambazo moto wake wa plagi hufifia papo hapo. Lakini hilo hujulikana kwa testa, kwa dakika moja, bila kununua kitu. Na pikipiki yako ilikataa hata kwa kiki, wakati stata haikuwa inanyang'anya chochote.

Sasa fundi wa pili, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lako. Anasema aliona moto. Namwamini. Aliifungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki, cheche ikaonekana. Lakini cheche inayoruka nje kwenye hewa ya kawaida si sawa na inayotakiwa kuruka ndani. Ule mwanya wa plagi, ambao kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, ni rahisi kuuvuka nje. Ndani ya silinda, hewa ikiwa imebanwa, umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuuvuka mwanya ule ule. Koili ya plagi hutoa umeme wa volti elfu kumi na kuendelea, na umeme hutafuta njia nyepesi. Kama kofia ya plagi ina ufa uliolowa, au ule waya mnene unaotoka kwenye koili kuja kwenye plagi umeota chumvi, kupenya hapo kwenda kwenye chuma cha injini ni rahisi kuliko kuruka kwenye plagi iliyo ndani ya mgandamizo. Matokeo yake, plagi ikiwa nje utaona moto, ukiirudisha ndani injini haiwaki, na kila anayeijaribu anaapa kwamba moto upo.

Kwa nini usiku na si mchana? Kwa sababu ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Wewe unashinda Likoni, unapanda na kushuka feri, na upepo wa kusi unakupulizia marasharasha ya mawimbi. Maji yanakauka, chumvi inabaki: ndani ya kofia ya plagi, kwenye soketi za waya, chini ya koili. Chumvi ile ikikauka haina madhara makubwa kwa saa hiyo, lakini huvuta unyevu wa hewani. Usiku hewa ya Mombasa ikilowana, chumvi nayo inalowana, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Jua la saa sita likikausha, njia ya mkato inakatika na pikipiki inawaka. Mvua ya siku ile haikuleta ugonjwa mpya, nadhani iliukoleza uliokuwa ukijijenga kwa miaka mitatu.

Nimewahi kulikosea jambo hili mimi mwenyewe, na mpaka leo linaniuma. Nilikuwa kijana wa gereji, nikaletewa pikipiki ya mzee aliyekuwa akisambaza mkate asubuhi. Dalili zilikuwa kama zako. Nikaona moto nje, nikatangaza kwamba ni ringi. Nikafungua bloku, nikakuta ringi nzima na silinda inang'aa. Nikafunga upya kwa gasketi mpya, haikuwaka. Siku ya tatu ndipo nilipoizungusha kofia ya plagi ikatoka mkononi, na ndani yake shaba ya waya ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Mzee yule alilipa kazi ya siku tatu isiyokuwa na haja, na wateja wake wa mkate wakapata mtu mwingine. Tangu hapo sifungui bloku ya mtu kabla sijaishika kofia ya plagi.

Basi tufanye kazi. Ungoje usiku, au uiingize mahali penye giza, pawe na hewa na pasiwe na harufu ya petroli. Plagi ikiwa mahali pake na kofia imevaa, mwambie mwenzako apige stata kwa sekunde tano, wewe ukiangalia kofia na waya mnene mpaka kwenye koili. Usiguse. Ukiona vimulimuli vya samawati vikitambaa juu ya kofia au kuruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma, umemshika mwizi. Usipoona kitu, nyunyizia maji kidogo sana kwa chupa ya kunyunyizia nguo za pasi, kisha rudia. Jaribio hili ninalipenda kuliko yote kwa sababu plagi iko ndani, kwenye mgandamizo, penye shida halisi.

Ukiona au usione, ifungue kofia ya plagi. Nyingi zimefungwa kwenye waya kwa uzi kama wa skrubu. Zizungushe kinyume cha saa huku ukivuta taratibu, zitatoka. Tazama ncha ya waya. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, kata kama nusu sentimita, na kama bado si nzuri kata tena kidogo, mpaka uone shaba inayong'aa, mradi waya ubaki na urefu wa kufika kwenye plagi bila kuvutika. Pangusa ndani ya kofia kwa kitambaa kikavu, iache juani saa nzima, kisha izungushe irudi. Ikiwa ina ufa, au mpira wake wa kuzuia maji umelegea, usiihurumie, nunua nyingine. Kofia ni mia chache za shilingi, na katika vyote ulivyonunua hadi sasa hiyo ndiyo ningeianza. Sikiliza: usipake grisi ya kawaida ndani yake. Kama unapata ile grisi ya silikoni ya vifaa vya umeme, paka kidogo kwenye ukingo wa mpira tu.

Kisha fuata waya mpaka kwenye koili. Koili hufungwa kwenye chesi kwa bolti, na kwa pikipiki nyingi athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha pikipiki, hupitia hapo hapo. Hapo kutu ya pwani hupenda kujificha. Legeza bolti, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma kionekane, funga tena. Fungua soketi za waya zinazoingia kwenye koili, kwenye CDI, kile kijisanduku kinachoiamuru koili irushe moto, na ule waya unaotoka ubavuni mwa injini upande wa sumaku. Huo ndio unaoiambia CDI pistoni iko wapi, na maji uliyoyapita yalifika usawa wake. Ukikuta ukijani, safisha kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, kausha, bana vile vibati vya ndani kidogo vishike sawasawa. Tafadhali usipige maji ya presha humo. Nimeona pikipiki zikiharibika baada ya kuoshwa kuliko baada ya mvua.

Swichi ya ufunguo nayo uikumbuke, na swichi ya kuzimia injini kama yako inayo. Kwenye pikipiki nyingi za CDI, injini huzimwa kwa kuupeleka waya mmoja kwenye athi. Swichi ikijaa maji ya chumvi, waya ule unavujia athi na plagi inanyimwa moto ingawa ufunguo umewashwa, huku taa na honi zikiendelea kama kawaida. Fundi anayejua umeme hutenga waya ule kwa muda, na moto ukirudi amejua pa kutazama. Rangi za waya hutofautiana kwa kampuni na kwa toleo, kwa hivyo hili usilifanye kwa kubahatisha.

Sasa plagi yenyewe iliyolowa. Hii ni habari njema nusu. Inatuambia petroli inafika, kwa hivyo hatuna haja ya kuhangaika na tangi kuziba au bomba kukatika. Ingetoka kavu baada ya kupigwa stata mara nyingi, ningekupeleka upande wa petroli moja kwa moja: koki, tundu la hewa la kofia ya tangi, jeti. Lakini plagi iliyolowa ni tatizo kwa nafsi yake, maana hata ukirekebisha moto wote, plagi yenye tope la petroli haitaruka cheche ya maana. Ukimaliza kazi ya waya, itoe plagi, ikaushe, isugue kwa brashi laini. Funga koki ya petroli. Plagi ikiwa nje, ivalishe kofia na uigusishe imara kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, kwa sababu mvuke wa petroli utaruka kutoka humo na cheche ikiwa karibu utawaka usoni pako. Usiiache kofia ikining'inia bila plagi iliyogusa chuma, umeme ukikosa pa kwenda huweza kuiua koili au CDI. Fungua resi yote, choki ikiwa haijavutwa, piga stata sekunde tano, pumzika nusu dakika, rudia mara tatu. Silinda itakuwa imejikausha. Rudisha plagi, fungua koki, jaribu kuwasha kwa resi ndogo.

Hapo hapo, wakati plagi iko nje na cheche unaiona, itazame rangi. Cheche nzuri ni ya samawati inayoelekea weupe, nene, na inasikika ikilia tap, tap. Ya manjano au nyekundu nyembamba ni dhaifu.

Kuna washukiwa wengine wawili wa mvua ambao siwezi kuwaachia bila kuwagusa. Mmoja ni maji ndani ya petroli. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hivyo maji yakiingia kupitia kofia ya tangi hushuka chini kabisa, na chini ndiko kabureta inakokunywa. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo. Weka chupa nyeupe ya plastiki, legeza skrubu, mwaga. Ukiona matone yanatembea chini ya petroli kama shanga, hayo ni maji. Mwaga mpaka ije petroli safi, na kama yanazidi, tangi nalo limwagwe. Kwa harufu uliyoisema nadhani plagi yako imelowa petroli kweli, lakini jaribio ni la dakika tano na halina gharama. Mwingine ni chujio la hewa. Chujio lililolowa chapachapa hunyima injini hewa, petroli inazidi, plagi inalowa. Litoe ulitazame. Kama ni la karatasi na limelowa, badilisha. La sponji lioshwe na likaushwe vizuri. Usitembee bila chujio, vumbi la barabara za mitaani kwetu litakula hizo hizo ringi ambazo leo tunazitetea.

Kabureta sitaki uifungue bado. Vitundu vya jeti ni vyembamba kuliko sindano, na kila anayeingiza waya humo anavipanua, kisha pikipiki inakula petroli maisha yake yote. Iguswe ikiwa tu moto umethibitika mzuri na petroli ni safi na bado inakataa.

Kuhusu bloku. Fundi wa tatu huenda ana nia njema, na maji kweli huua injini. Lakini injini iliyomeza maji huonyesha. Hujikwama, kiki inagoma kushuka, kwa sababu maji hayabaniki kama hewa. Yako inazunguka vizuri. Au oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Hili lichunguze leo kabla ya kupiga stata tena: chomoa kijiti cha oili, au tazama kwenye kioo chake. Ikiwa imegeuka rangi hiyo, usiwashe, oili imwagwe na injini itazamwe na mtu. Ikiwa ni oili ya kawaida lakini inanuka petroli kwa nguvu, ni ile petroli ya wiki mbili za kupiga stata imeteremka. Badilisha oili tu, kwa sababu imekuwa nyembamba na haiwezi kulinda chuma.

Kisha mwombe fundi wako apime mgandamizo, ule wanaouita kompresheni, kwa geji. Plagi nje, resi wazi kabisa, piga kiki au stata mpaka mshale usipande tena. Injini ndogo nzima ya namna yako kwa kawaida huonyesha zaidi ya psi 120. Ikishuka chini ya 90, hapo nami nitaanza kuwa na wasiwasi. Ukipata namba ndogo, bado kuna hatua kabla ya kufungua: mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tazama valvu, na kurekebisha mwanya wa valvu ni kazi ya nusu saa isiyohitaji kufungua bloku. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba petroli nyingi iliyoingia kwako huenda imeosha oili kwenye kuta za silinda, na hilo pekee hushusha kipimo. Ikiwa kiko chini, pima baada ya kuikausha silinda na kutia kile kijiko, usihukumu kwa kipimo cha kwanza.

Asiye na geji anaweza kuziba tundu la plagi kwa kidole huku mwingine akipiga kiki. Kidole kikisukumwa nje kwa nguvu mgandamizo upo, ingawa kidole hakina namba. Nakuomba umwambie fundi kwa heshima: "Kabla hujafungua, nionyeshe kipimo." Fundi mwenye uhakika na kazi yake hatachukia.

Unaweza kujaribu haya nyumbani bila kuharibu kitu. Lakini kuna mahali pa kusimama. Ukikosa moto kabisa baada ya kusafisha kofia, athi na soketi, usinunue CDI wala koili kwa kukisia. Zipeleke zikajaribiwe, na njia rahisi ni kuazima kifaa kizima kutoka pikipiki ya mwenzako wa stendi, ya aina na toleo lile lile, kwa dakika kumi. Ikiwaka, umejua. Ukisikia chuma kikigonga ndani, kiki ikikwama, petroli ikidondoka juu ya injini, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, acha, ipandishe kwenye mkokoteni au tuktuk uipeleke. Na usimruhusu mtu akumiminie petroli kwenye tundu la plagi "ili ishtuke". Nimeona mkono ulioungua kwa njia hiyo.

Wasomaji wenye pikipiki za injekta wasifuate haya yote. Ukiwasha ufunguo unapaswa kuisikia pampu ya petroli ikinguruma sekunde mbili tatu, na kama taa ya injini inamweka, kuna namba ya hitilafu ndani yake, atafutwe fundi mwenye kifaa cha kuisoma.

Kuhusu kuiuza, mwambie mkeo kwamba wazo lake si baya, wakati wake tu haujafika. Akupe siku mbili. Ikiwa kofia ya plagi na waya ndivyo vyenye kosa, mtatumia kiasi ambacho hakifiki malipo ya mkopo ya wiki. Ikiwa kipimo cha kompresheni kitakuja chini hata baada ya kijiko cha oili, basi mtakaa tena na hesabu zenu: gharama ya ringi, gasketi na kazi, kulinganisha na bei ya kuiuza ikiwa inawaka. Na hata hapo ningewashauri muitengeneze kwanza.

Kesho alfajiri, kabla jua halijapanda, ndiyo saa nzuri ya kuijaribu, wakati bado imelowana. Ukiniandikia tena, nipe majibu ya vitu vinne: ulichokiona gizani, hali ya shaba ndani ya kofia, rangi ya oili, na namba ya geji.